Jioni 19.4, usiku wa manane 3.1: pumu, kisukari na saa ya dawa

Swali

Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, mwaka wangu wa kwanza kazini, niko wodi ya wanaume. Nilimpokea baba wa miaka 58, kilo 70, mwenye pumu ya siku nyingi na kisukari cha aina ya pili. Nyumbani anatumia vidonge vya kisukari, metfomini na glibenklamidi. Aliletwa amebanwa vibaya. Siku ya kwanza alipewa nebulaiza (dawa ya kuvuta kama mvuke) za salbutamoli na ipratropiamu za kufungua mirija ya hewa, na haidrokotisoni ya mshipa miligramu 100 kila baada ya saa sita. Siku ya pili akabadilishiwa prednisoloni ya vidonge, miligramu 40, akameza saa mbili asubuhi. Sukari ya alfajiri ilikuwa milimoli 7.2 kwa lita, lakini saa kumi na moja jioni ikasoma 19.4. Daktari wa zamu akaandika insulini ya NPH uniti 20, nikaichoma saa tatu usiku. Saa nane usiku alibanwa kidogo, nikampa nebulaiza. Saa tisa akaanza kutetemeka na kutoka jasho, moyo 124. Nikasema hiyo ni salbutamoli, itapita. Nilipompima nusu saa baadaye sukari ilikuwa 3.1. Nikampa maji ya glukosi, ikapanda 5.6, akalala. Asubuhi insulini ikafutwa yote, na jioni yake sukari ikarudi 18. Nilikosea wapi? Ningetofautishaje mtetemeko wa dawa na wa sukari? Akitoka nimwambie nini? Pia mwenzangu ana mgonjwa wa tezi ya shingo mwenye pumu aliyeandikiwa propranololi, anauliza kama ampe. Mwisho, naambiwa nijaze fomu ya tukio. Naogopa.

Jibu

Marahaba, mwanangu. Nianze na ile nusu saa uliyosubiri, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu yako. Mengine karibu yote yalikuwa yameshapangika kabla hujavuta insulini kwenye bomba.

Mgonjwa wa kisukari aliyechomwa insulini akitetemeka, anapimwa. Haijalishi amepewa nebulaiza dakika ngapi zilizopita, na haijalishi una sababu nzuri kiasi gani ya kuamini ni kitu kingine. Umeuliza namna ya kutofautisha, nami nitakueleza tofauti zilizopo, ila ukweli ni kwamba saa tisa usiku, taa hafifu, mgonjwa amechoka na wewe umechoka, tofauti hizo hazitoshi kuamulia. Salbutamoli ya nebulaiza huanza kazi ndani ya dakika chache na hufika kileleni kati ya dakika 30 na saa moja, kwa hiyo mtetemeko wake uliangukia palepale sukari ilipokuwa ikishuka. Mtetemeko wa salbutamoli ni wa vidole hasa, mgonjwa anabaki na akili zake, na ngozi yake kwa kawaida ni kavu. Sukari ikishuka huja jasho baridi, njaa ya ghafla, midomo kufa ganzi, kisha hasira au maneno yasiyoeleweka. Jasho lile lilikuwa linakwambia kitu. Lakini hata jasho si hakimu, maana mtu aliyebanwa kifua naye hulowa jasho. Hakimu ni tone la damu, na halichukui hata dakika moja.

Kidogo kuhusu tone hilo: mnawishe mkono kwanza. Kidole kilichoshika kitu kitamu kinaweza kukuonyesha 9 wakati damu ina 4. Na kama glukomita yenu, mashine ya kupima sukari, inasoma kwa miligramu, zidisha milimoli kwa 18. Ile 3.1 ni kama 56, na ile 19.4 ni kama 350.

Sasa tuje kwenye saa.

Tunazoea kugawa dawa kwa mifumo: hizi za kifua, hizi za tezi. Vitabu vimepangwa hivyo na mitihani pia. Mwili haujui mgawanyo huo. Salbutamoli ni ndugu wa adrenalini, imechongwa ili ishike zaidi vipokezi vya beta-2 vilivyojaa kwenye misuli ya mirija ya hewa. Prednisoloni na haidrokotisoni ni steroidi, ndugu wa kotisoli. Haidrokotisoni ni kotisoli yenyewe kwa jina la duka la dawa. Adrenalini na kotisoli zote hutoka kwenye tezi adrenali, zile zinazokaa juu ya figo kama kofia, na kazi yao ya asili wakati wa hatari ni kuhakikisha damu ina sukari ya kutosha ya kukimbilia au kupigania. Ukimtibu mtu pumu kali, umempa homoni mbili za hatari kwa wakati mmoja. Asiye na kisukari ana kongosho litakaloongeza insulini na mambo yakaisha kimyakimya. Baba yako huyo hana akiba hiyo.

Adrenalini na ndugu zake huliambia ini livunje akiba yake ya glukosi iende kwenye damu. Hiyo ni kazi ya haraka na inapita haraka. Steroidi zinafanya kazi ya polepole na nzito zaidi: ini linatengeneza glukosi mpya kutoka kwenye protini, misuli inaacha kuitikia insulini, na kongosho lenyewe linazubaa. Mzubao huo unaonekana zaidi baada ya kula. Ndiyo maana sukari ya steroidi ni sukari ya mchana na jioni.

Prednisoloni iliyomezwa saa mbili asubuhi huanza kupandisha sukari kuelekea saa sita mchana. Kilele chake kinakuja alasiri na mapema jioni. Baada ya hapo nguvu inapungua, na kufikia usiku wa manane sehemu kubwa imekwisha. Alfajiri unapompima kabla hajala, unakuta 7 na unaridhika. Nimeona wodi zinazopima wagonjwa wa steroidi alfajiri tu, siku tano mfululizo, na kila siku faili linasema sukari ni nzuri. Kama una nafasi ya kipimo kimoja tu kwa siku kwa mtu anayemeza prednisoloni asubuhi, kifanye kabla ya chakula cha jioni, au saa mbili baada ya chakula cha mchana. Ukiwa na vinne, pima kabla ya kila mlo na kabla ya kulala.

Weka sasa insulini juu ya saa hiyohiyo. NPH, ile ya maji meupe kama maziwa, huanza kufanya kazi saa moja hadi mbili baada ya kuchomwa, na kilele chake ni kati ya saa ya nne na ya kumi. Uliichoma saa tatu usiku. Hesabu mwenyewe: kilele kuanzia saa saba usiku hadi saa moja asubuhi. Prednisoloni iliyotakiwa kupigana nayo ilikuwa imeshaondoka. Insulini ilimkuta mtu aliyelala, ambaye pengine hata chakula cha jioni hakukimaliza kwa sababu ya kuhema, na mwenye glibenklamidi tumboni inayoendelea kulikamua kongosho kwa muda unaoweza kufika saa 24. Kushuka hadi 3.1 hakukuwa bahati mbaya.

Lipo jingine ambalo nadhani lilimponyoka daktari, na ni rahisi kumponyoka yeyote. Miligramu 20 za haidrokotisoni zina nguvu sawa na miligramu 5 za prednisoloni. Siku ya kwanza mgonjwa alipata haidrokotisoni 400 kwa siku nzima, yaani sawa na prednisoloni 100. Tena aliipata kila baada ya saa sita, kwa hiyo sukari ilikuwa inasukumwa mchana na usiku bila mapumziko. Siku ya pili akashushwa hadi 40, mara moja, asubuhi. Aliyeandika insulini ya usiku alikuwa akitibu steroidi ya jana. Mgonjwa anapohamishwa kutoka dawa ya mshipa kwenda vidonge, insulini nayo inahitaji kuangaliwa upya siku hiyohiyo, na mara nyingi muuguzi ndiye wa kwanza kuuona uhamisho huo maana ndiye anayegawa dawa zote mbili. Kwa faida yako ya baadaye: deksametasoni ni habari nyingine kabisa. Inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, na hapo hata sukari ya alfajiri itapanda.

Utashangaa nikikwambia kwamba uniti 20 zenyewe hazikuwa nyingi. Kanuni inayotumika sana kwa sukari ya prednisoloni ya asubuhi ni NPH uniti 0.1 kwa kila kilo ya uzito kwa kila miligramu 10 za prednisoloni, bila kuvuka 0.4 kwa kilo. Kwa kilo 70 na miligramu 40 inafika 28. Kwa mzee, mwenye figo dhaifu au asiyekula vizuri, huanzwa chini ya hapo. Uniti 20 hizohizo zingechomwa asubuhi pamoja na prednisoloni, vilele viwili vingekutana alasiri na huenda nisingepata barua yako. Kipimo kilekile, saa nyingine, mgonjwa mwingine.

Na ndiyo sababu kufuta insulini yote asubuhi hakukutatua kitu. Prednisoloni ilimezwa tena saa mbili, ikapanda tena, jioni 18. Siku zijazo ukikutana na hali hii usisubiri raundi. Mpigie daktari na mpe picha ambayo yeye hana, kwa maneno kama haya: "Daktari, yule wa kitanda cha sita mwenye pumu na kisukari. Prednisoloni 40 anameza saa mbili asubuhi. Jana jioni 19.4, NPH 20 nilichoma saa tatu usiku, saa tisa na nusu akashuka 3.1. Bado yuko kwenye glibenklamidi na chakula anakula nusu. Naomba uangalie kama NPH ihamie asubuhi na kama glibenklamidi isimame kwanza." Hujaandika dawa, hujavuka mipaka yako. Umeweka saa mezani tu.

Metfomini nayo ungeitaja. Mtu aliyebanwa hadi oksijeni ya damu imeshuka sana, hatakiwi kuendelea nayo mpaka atulie, kwa sababu asidi ya laktiki inaweza kujikusanya.

Ulivyomtibu ile saa tisa na nusu ulianza vizuri. Anayeweza kumeza hupewa gramu 15 hadi 20 za glukosi, anapimwa tena baada ya dakika 15, na kama bado yuko chini ya 4 unarudia. Ulipofika 5.6 ukamwacha alale, na hapo ndipo ningekushika mkono. NPH ilikuwa bado katikati ya kilele, glibenklamidi haijaondoka, na glukosi ya kunywa inaisha upesi. Alihitaji chakula chenye wanga wa kukaa tumboni, kisha kipimo kingine baada ya saa moja, na vingine hadi asubuhi. Aliyeshushwa na glibenklamidi anaweza kushuka tena na tena, hivyo huangaliwa kwa karibu siku nzima inayofuata. Angepoteza fahamu, kinywani hakiingii kitu: ni glukosi ya mshipa, kwa mfano ya asilimia 10 mililita 150 hadi 200, kwa mwongozo wa wodi yenu. Glukagoni ya msuli miligramu 1, homoni ya kupandisha sukari, ipo pale mshipa unapokataa, lakini inategemea akiba ya ini. Aliyekaa bila kula haimsaidii sana.

Kuna kitu ambacho hukukiuliza, na kwangu kinatisha kuliko 3.1 yako, kwa kuwa hakitoi jasho wala hakionekani kwenye glukomita. Potasiamu.

Salbutamoli inaisukuma potasiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli. Insulini inafanya hivyohivyo. Haidrokotisoni nyingi inaifanya figo iimwage kwenye mkojo. Kama kuna aliyeongeza furosemidi, dawa ya kukojoza, kwa kudhani kifua kina maji, na aminofilini, dawa nyingine ya pumu, umefika watano kwenye kamba moja, wote wanavuta upande uleule. Nguvu hii ni kubwa kiasi kwamba tunaitumia kama tiba: mgonjwa wa figo ambaye potasiamu yake imepanda hadi kutishia moyo, hupewa insulini pamoja na glukosi, na nebulaiza ya salbutamoli miligramu 10 hadi 20 ili kuishusha. Baba yako alipewa dawa hizohizo bila yeyote kukusudia kuishusha. Kiwango cha kawaida ni 3.5 hadi 5. Ikishuka, misuli inalegea, ikiwemo ile ya kuvutia hewa, tumbo linajaa gesi, mapigo ya moyo yanaruka. Ile 124 yako yaweza kuwa salbutamoli, yaweza kuwa sukari, na yaweza kuwa imechanganyika na hili. Omba potasiamu ipimwe kwa kila mgonjwa wa pumu kali anayerudiarudia nebulaiza, na usisubiri kuombwa ikiwa pia yuko kwenye insulini. Ikiagizwa kurudishwa kwa mshipa, inachanganywa kwenye dripu na kwenda polepole. Kwa mshipa wa mkono bila mashine ya kufuatilia moyo, kwa kawaida haivuki milimoli 10 kwa saa. Potasiamu ya chupa haisukumwi kwa bomba moja kwa moja. Kamwe. Inasimamisha moyo.

Jambo la pili lisiloulizwa: mgonjwa anahema zaidi baada ya nebulaiza ya sita kuliko baada ya ya tatu. Mkono unakimbilia ya saba. Sikiliza kifua kwanza. Kama miluzi imepungua, hewa inaingia vizuri pande zote na oksijeni ni nzuri, lakini bado anahema kwa nguvu, huenda salbutamoli yenyewe imeongeza laktiki kwenye damu na mwili unajaribu kuitoa asidi kwa kupumua. Nebulaiza nyingine inaongeza kuni motoni. Na kwa mwenye kisukari, kuhema kwa kina bila miluzi, pumzi ikinuka kama tunda lililoiva kupita kiasi, ni ketoni, asidi inayojikusanya insulini ikipungua, mpaka kipimo kikatae. Usiruhusu neno "pumu" lililoandikwa juu ya faili likuzibe masikio.

Tuje kwenye kutoka kwake.

Prednisoloni ya siku tano hadi saba kwa pumu iliyolipuka haihitaji kushushwa ngazi kwa ngazi. Inamezwa kamili, inaisha, imeisha. Kabla hujamwambia hivyo, muulize swali moja: mwaka huu umemeza vidonge hivi mara ngapi? Wapo wanaojinunulia kila wanapobanwa, na wapo waliokaa navyo miezi. Aliyemeza steroidi zaidi ya wiki tatu, au kozi fupi nyingi zinazofuatana, tezi zake za adrenali zinaweza kuwa zimelala. Mwili huona kotisoli ya dukani imejaa, ubongo unaacha kuagiza, tezi inanywea. Ukimkatia ghafla anabaki bila kotisoli yoyote, na siku atakapopata homa au kufanyiwa upasuaji atashuka presha, atatapika, atalegea, na sukari itaanguka. Hapo dawa ni haidrokotisoni miligramu 100 ya mshipa au msuli mara moja na maji ya chumvi, kabla ya majibu ya maabara. Jibu la swali hilo likionyesha hivyo, mrudishe kwa daktari kabla hajafunga mfuko wake.

Kwa huyu ambaye ni kozi fupi, la msingi ni kwamba insulini iliyoanzishwa kwa ajili ya prednisoloni inaondoka na prednisoloni. Siku moja au mbili baada ya kidonge cha mwisho sukari inarudi chini. Akiendelea na uniti zilezile nyumbani, utasikia ameokotwa asubuhi hajitambui. Andika tarehe ya kidonge cha mwisho kwa herufi kubwa, na chini yake maelekezo ya daktari kuhusu insulini kuanzia tarehe hiyo. Mwambie prednisoloni ni ya asubuhi baada ya kula. Akihamishia usiku kwa kusahau, atakesha macho, na mahesabu yote ya insulini tuliyofanya hapo juu yanapinduka.

Inhela ya steroidi ni mazungumzo mengine, na wagonjwa wengi wa kisukari wanaikataa wakishasikia neno steroidi. Mtulize. Kwa vipimo vya kawaida inayofika kwenye damu ni kidogo na sukari haisumbuki sana. Anayeiacha ndiye anayerudi kwenye prednisoloni ya vidonge, ambayo ndiyo inayomharibia sukari. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haupendekezi tena mtu mzima atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Kila mwenye pumu anatakiwa awe na steroidi ya kuvuta. Mwone akipuliza mbele yako, kwa spesa (chombo cha kushikilia dawa kabla ya kuvutwa) ikiwezekana, mpulizo mmoja kwa wakati, kisha asukutue mdomo na kutema ili asipate utando mweupe wa fangasi. Spesa inaoshwa kwa maji yenye sabuni na kuachwa ikauke yenyewe. Kuifuta kwa kitambaa kunaipa umeme wa msuguano, na dawa inaganda ukutani.

Muulize pia, kwa faragha, dawa nyingine anazomeza. Ritonaviri na kobisistati, zinazotumika kwenye matibabu ya VVU, zinazuia ini kuvunja flutikasoni na budesonidi. Dawa ya inhela inajikusanya mpaka uso unavimba kama mwezi na adrenali zinalala, kwa mtu ambaye hajawahi kumeza kidonge cha steroidi. Beklometasoni ni salama zaidi hapo. Rifampisini ya kifua kikuu inafanya kinyume: inalichochea ini livunje haraka prednisoloni, na pia baadhi ya vidonge vya kisukari, ikiwemo glibenklamidi. Anayeitumia anaweza kuonekana haitikii tiba kumbe dawa zinateketezwa kabla hazijafika.

Mwenzako mwenye mgonjwa wa propranololi: asiitoe, na ampigie daktari sasa hivi. Propranololi huandikwa kwa sababu nzuri. Mgonjwa wa tezi ya shingo iliyozidisha homoni ana moyo unaokimbia na mikono inayotetemeka, na dawa hiyo inamtuliza wakati kabimazoli, dawa ya kupunguza homoni za tezi, ikisubiri wiki kadhaa kufanya kazi. Lakini inafunga vipokezi vya beta-2 vilevile ambavyo salbutamoli inavihitaji. Kidonge kimoja kinaweza kubana mirija, na ukikimbilia nebulaiza ya salbutamoli utakuta mlango umefungwa kwa ndani. Ipratropiamu inapita mlango mwingine, kwa hiyo ndiyo ya kuongeza haraka kama dozi imeshamezwa. Badala ya propranololi, kuna dawa kama diltiazemu za kupunguza mwendo wa moyo bila kugusa mirija. Uchaguzi ni wa daktari. Na kwa kabimazoli, mgonjwa yeyote akilalamika koo linauma na ana homa, dawa inasimama na damu inapimwa chembe nyeupe siku hiyohiyo, hata kama koo linaonekana ni mafua ya kawaida.

Mgonjwa huyo pia akiwa anatumia teofilini, dawa ya pumu ya familia moja na aminofilini, mwenzako ajue kwamba tezi ikikimbia teofilini hutolewa mwilini haraka, na kabimazoli ikishaituliza tezi, kipimo kilekile cha teofilini kinaweza kugeuka sumu. Dalili ya kwanza mara nyingi ni kichefuchefu tu.

Fomu ya tukio ijaze. Nakuelewa unavyoogopa, zamani nilijaza yangu kwa mkono unaotetemeka, na bila salbutamoli. Usiandike "mgonjwa alipata madhara ya insulini", maana hapo hakuna atakayejifunza kitu. Andika saa: prednisoloni saa mbili asubuhi, kipimo cha jioni saa kumi na moja, NPH saa tatu usiku, nebulaiza saa nane, dalili saa tisa, kipimo saa tisa na nusu. Andika alikula kiasi gani jioni. Andika kwamba glibenklamidi haikusimamishwa na kwamba haidrokotisoni ilibadilishwa kuwa prednisoloni siku ileile. Nusu saa ya kusubiri iandike kama ilivyokuwa, kwa sentensi moja, bila kujitetea. Kisha kwenye nafasi ya mapendekezo omba karatasi ya sukari ya wodi iongezwe safu moja kando ya kipimo: saa ya dozi ya mwisho ya steroidi.